Waliookoa Sauti, Waliookoa Maneno

Desemba iliyopita nilikuwa kwenye harusi Kamachumu, wilayani Muleba. Baada ya chakula mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tutapata "burudani ya asili". Wakapanda watu sita. Mmoja mwalimu wa sekondari, mmoja dereva wa bodaboda, wawili wanalima kahawa na ndizi, na vijana wawili sikupata kujua wanafanya nini. Ngoma mbili, kinanda cha umeme, kayamba, na katikati, mapajani mwa mwalimu, enanga.

Walipiga vizuri, tena vizuri sana. Watu waliinuka, kina mama wakajifunga kanga, bwana harusi akatunzwa noti. Dakika tano hivi, mshereheshaji akachukua kipaza sauti na bendi ikashuka. Mzee aliyekaa karibu yangu, ambaye muda wote hakuinuka, akaniuliza, "Mwanangu, ule ni Rukiza, si ndiyo?" Nikamwambia sijui, waitu. Akasema, "Ni Rukiza. Lakini mbona hawajasema kitu?"

Nilimwelewa baadaye sana.

Enanga, kwa msomaji wa pwani ambaye akisikia "nanga" anafikiri meli, ni ala ya nyuzi ya Wahaya na majirani zao. Ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa mfano wa chano, halafu uzi mmoja mrefu unapitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Zamani uzi ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Sauti yake si kubwa. Ukiweka ngoma mbili na kinanda pembeni, enanga unaiona tu, huisikii. Na hilo si kosa la aliyeichonga, maana haikutengenezwa kushindana na mtu. Ilitengenezwa kumsindikiza mtu mmoja anayesimulia, usiku, wengine wamekaa kimya au wanaitikia, rubisi ipo, na hadithi ni ndefu: Rukiza, Kachwenyanja, Mugasha, Kaitaba (jina ambalo sisi tuliokulia Bukoba mjini tulilijua kwanza kama uwanja wa mpira). Muziki ulikuwa kiti, na aliyekaa juu yake ni maneno.

Wapenzi wa fasihi wanaosoma hapa wanalijua jina la Mugyabuso Mulokozi kwa Mukwava wa Uhehe, au kwa Malenga wa Bara aliyoandika na K. K. Kahigi, kitabu kilichotiwa kwenye lile gomvi la mashairi yenye vina na yasiyo na vina. Wachache wanajua kwamba tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1986, ilihusu tendi za enanga za Wahaya. Ulikuwa ni ubishi wa kisomi hasa. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa cha fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama bara hili lina utendi wa maana. Mulokozi akajibu kutoka nyumbani: mnatafuta nini, wakati yupo mtu Kagera anakaa chini na ala mapajani na anaimba habari za shujaa kwa mamia ya mistari? Huwa najiuliza (hapa ni mimi, si yeye) kama kijana aliyezaliwa jirani na mistari ile isiyohesabiwa mizani angeweza kweli kuamini kwamba shairi bila vina si shairi.

Mwaka 1997 aliandika makala juu ya mmoja wa wasanii hao, Habibu Selemani, aliyezaliwa karibu 1929 na kufariki 1993. Kwenye kichwa cha makala alimwita wa mwisho miongoni mwao. Neno hilo "wa mwisho" ndilo lililonipeleka Ulaya, na wa kulaumiwa ni mwalimu wa ile bendi.

Nilimtafuta baada ya harusi. Nikamuuliza wazo la kuanzisha kikundi lilitoka wapi, nikitegemea ataniambia babu yake. Akacheka. Akasema YouTube. Alikuwa anaangalia watu wa Ireland wanapiga muziki wao wa jadi kwenye baa: hakuna jukwaa, hakuna sare, wamekaa kuizunguka meza, fidla, filimbi, banjo, kila mtu na glasi yake. "Nikaona hawa ni watu kama sisi tu. Asubuhi mtu anaenda kazini, jioni anapiga. Nikasema na sisi Muleba tunaweza." Wakaanza kukutana Jumamosi. Hawalipwi, ila wakialikwa harusini wanapewa nauli na chakula.

Sasa, ukifuatilia habari ya hao wa Ireland unakuta kwamba meza ile ya baa, pamoja na sura yake ya kale, ni kitu cha juzi. Banjo ilitoka Marekani. Chama chao kikubwa cha muziki wa jadi, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, kiliundwa mwaka 1951. Seán Ó Riada, aliyewafundisha wengi kwamba ala hizi zinaweza kukaa pamoja kama kundi la kusikilizwa na si la kuchezesha watu tu, alianza kazi hiyo karibu mwaka 1960. Kabla ya hapo, mwanamuziki mwenye heshima kuliko wote Ireland alikuwa mtu mmoja na kinubi chake, akiwa chini ya mtawala wa Kigaeli aliyemlisha. Watawala hao waliposhindwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 17, mpiga kinubi akabaki anatembea nyumba kwa nyumba. Ukiwa Mhaya huhitaji kuelezwa sana. Kiziba, Kihanja, Ihangiro (ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Muleba ya leo) zilikuwa na Abakama wao, na mpiga enanga alikuwa na mahali pa kwenda. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Sisikitikii uchifu hata kidogo. Nasema tu kwamba mlango mmoja ulifungwa, na mlango ambao Serikali iliufungua badala yake, wa ngoma za taifa, shule na mashindano, ulimfaa mchezaji mwenye njuga kuliko msimuliaji aliyekaa. Ngoma inaonekana kutoka mbali. Mgeni rasmi haketi saa nzima kusikiliza Rukiza.

Julai 1792, Belfast, wenye mji waliwakusanya wapiga vinubi waliobaki. Wa Ireland walikuja kumi tu, wengi wao vipofu. Mkongwe wao, Denis Hempson, alikuwa na umri wa miaka tisini na kitu na ndiye pekee aliyekuwa bado anakwanyua nyuzi kwa kucha ndefu, mtindo wa zamani. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda cha kanisani, aliajiriwa kuandika noti. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1796. Watu wanamshukuru mpaka leo, na ni haki yake. Lakini aliziandika nyimbo zile kwa ajili ya piano, na bila maneno. Mwaka 1802 alimtuma Patrick Lynch kwenda Connacht kukusanya maneno ya Kigaeli. Lynch akaenda, akayaleta. Kitabu kilichofuata, 1809, kilitoka na maneno ya Kiingereza, na ya Lynch yakabaki kwenye makaratasi zaidi ya miaka mia moja.

Kwa hiyo Ireland walibaki na sauti, maneno yakawekwa kabatini. Leo sehemu kubwa ya kinachopigwa kwenye zile video za mwalimu ni muziki mtupu.

Kwetu imekuwa kinyume, kisha inaanza kuwa vilevile. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akarekodi, na enanga ya Wahaya imo. Ila upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika kama tatu. Utendi hauingii humo. Peter Seitel wa Marekani na Mulokozi wakaja baadaye na kuandika maneno. Tunayo, yamechapwa, yamefasiriwa, yako maktaba. Kilichopungua ni watu wa kuyabeba na nyuzi pamoja. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kila familia ya kwetu inajua nani aliondoka miaka iliyofuata: ni rika lile lile ambalo lingekuwa linakaa miguuni pa kina Habibu. Halafu mwaka 2001 Saida Karoli akatoka na Maria Salome, nchi nzima ikacheza wimbo ambao sehemu kubwa yake ni Kihaya kisichoeleweka Morogoro wala Tanga. Diamond na Rayvanny wakaurudia kwa namna yao 2016. Nilikuwa najivunia sana. Sasa najivunia, lakini pia naona tulivyozoeshwa kwamba Kihaya kazi yake ni kunoga.

Nilipokuwa Dar nikatoa nakala ya kurasa kadhaa za utendi mmoja, nikampelekea mwalimu. Akakiri kwamba zaidi ya nusu ya maneno hayajui. Kihaya cha ndani, akasema, mimi nimekulia shule za bweni. Tukamwendea yule mzee wa harusini. Mwalimu akaweka enanga mapajani, dereva wa bodaboda akawa anasoma, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Ukurasa wa pili mzee akainua mkono.

"Hapo sisi hatusemi hivyo. Hao watakuwa watu wa Kiziba."

"Nyie mnasemaje, waitu?"

Akaanza kusema. Mwalimu, vidole juu ya nyuzi, akawa anamsubiri afike mahali pa kumwingilia, na mzee hakuwa anaacha nafasi.