Ahadi ya Bonasi: Deni au Stori za Bosi?

Juni bosi aliandika imeli: tukifikisha lengo la mauzo, kila mtu atapata bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja. Disemba imefika, lengo mmelipita, na sasa anasema ile ilikuwa ya kuwapa moyo tu. Ahadi ni deni, tuliambiwa tangu utotoni. Je, korti nayo inasema hivyo?

Jibu lilianza kupikwa kabla hata ya kompyuta. Mwaka 1891, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya London ilitangaza gazetini kwamba atakayetumia kifaa chake cha kuvuta dawa puani jinsi ilivyoelekezwa, kisha augue influenza, atalipwa pauni 100. Ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki, kuonyesha haifanyi mzaha. Bi. Carlill akakitumia, akaugua, akadai pesa zake. Kampuni ikajitetea ati lilikuwa tangazo tu. Mwaka 1892, Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi huo. Masharti yalikuwa wazi na mama wa watu aliyatimiza, kwa hivyo alipwe.

Mwaka 1964 hoja ikahamia kazini. Kampuni ya ndege ya Skyways ilikuwa ikipunguza marubani na ikakubali kuwalipa kiasi fulani wanapoondoka. Baadaye ikageuka na kusema malipo hayo yalikuwa ya hisani, si deni. Rubani Edwards akashtaki, akashinda. Mahakama ilisema mapatano ya kibiashara huchukuliwa kuwa ya kisheria, na anayedai hayakuwa hivyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Neno "hisani" peke yake halikutosha kumwokoa mwajiri.

Kesi iliyo karibu zaidi na imeli yako ni ya benki ya Dresdner Kleinwort. Agosti 2008, uchumi wa dunia ukiyumba na benki ikiwa njiani kuuzwa, mkuu wake aliwatangazia wafanyakazi kwamba kuna kitita cha bonasi kisichopungua euro milioni 400. Alitaka wasitoroke. Wengi wakabaki. Benki ilipopita mikononi mwa Commerzbank, bonasi zikakatwa kwa asilimia 90. Wafanyakazi zaidi ya 100 wakaenda kortini London, wakashinda mwaka 2012, na tena kwenye rufaa mwaka 2013. Hawakuwa wametia sahihi mkataba mpya. Tangazo la mdomo, lililorushwa pia kwenye mtandao wa ndani wa benki, lilitosha.

Lakini si kila neno la bosi ni pesa. Januari 2013, tajiri Mike Ashley, akiwa na wenzake kwenye baa moja London, glasi zikipita, alimwambia jamaa wa fedha kwamba angempa pauni milioni 15 akipandisha bei ya hisa za kampuni yake hadi pauni 8. Bei ikapanda. Jamaa akashtaki, na mwaka 2017 akashindwa. Jaji aliona yalikuwa mazungumzo ya vinywaji ambayo hakuna aliyeyachukua kwa uzito.

Haya yote yanatuhusu Nairobi kwa sababu Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inafuata kanuni za mikataba za Uingereza. Kuhusu imeli yenyewe, marekebisho ya mwaka 2009 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano yanasema mkataba hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ulifanywa kwa ujumbe wa kielektroniki.

Kwa hivyo isome tena ile imeli ya Juni. Je, imetaja kiasi, sharti na tarehe? Aliyeiandika ana mamlaka ya kuahidi? Au imesema bonasi ni "kwa uamuzi wa kampuni"? Maneno hayo huwa mlango wa kutokea, na mara nyingi yako pia kwenye barua yako ya ajira. Itunze nakala kabla hawajafunga akaunti yako, na usikawie: madai ya kazi Kenya yana miaka 3 tu.