Redio ya gari ilivuma kabla ya kuongea

Mwaka 1930 Paul Galvin na wenzake wa Chicago walianza kuuza redio ya gari, Motorola. Kasheshe ilikuwa umeme: betri nyingi za magari zilitoa volti 6 tu, valvu za redio zilitaka karibu 200. Transfoma inapandisha volti, lakini haifanyi kazi kwa umeme wa betri usiobadilika.

Basi ikaja vaibreta: kikopo cha bati chenye ulimi wa chuma unaotetema, ukikata na kuunganisha umeme zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Ndiyo maana redio ilivuma kwanza.

Cheche zilikula ncha za ulimi. Zikigandana, fyuzi inaungua, redio kimya. Ila wahandisi walijua itakufa tu, wakaipa miguu ya kuchomeka kama valvu. Mwenye gari aliichomoa nyumbani, akaweka mpya.

Mwaka 1955 Philco na Chrysler wakaleta redio ya transista tupu. Volti za betri zilitosha. Vaibreta haikuhitajika tena. Lakini transista kwa kawaida zililehemiwa. Redio ikawa haiharibiki ovyo, ila ikiharibika, hapo sasa unamtafuta fundi.