Muunganiko wa njia na mtapakao wa mji

Wataalamu wa mipango miji wana dhana ambayo bado haina jina lililotulia kwa Kiswahili: jinsi njia za mtaani zinavyokutana na kupokezana, hata mtu akitoka nyumbani awe na zaidi ya njia moja ya kumfikisha aendako. Mimi naiita muunganiko wa njia. Mji unaojitandaza vipande vipande visivyoshikana, huo nauita mji uliotapakaa, na hali yenyewe mtapakao. Wengi huandika "ukuaji holela", lakini jina hilo linahukumu kabla ya kueleza. Mtaa unaweza kupimwa, wenyewe wakapewa hati, na bado ukawa umetapakaa. Na mtaa usiopimwa kabisa unaweza kuwa umeungana kuliko jirani yake.

Kuupima muunganiko ni kazi nyepesi. Unasimama kwenye kila makutano na kila ncha ya njia, na kuhesabu njia zinazoondoka hapo. Barabara ikiishia ubavuni mwa nyingine, zipo tatu. Mitaa miwili ikikatana, zipo nne. Njia iliyogota ukutani, pale mwisho wake ipo moja tu. Jumlisha, gawa kwa idadi ya mahali uliposimama, upate wastani. Kariakoo, Dar es Salaam, wastani unakaribia nne: mitaa ya Kongo, Sikukuu na Swahili inakwenda sambamba, Mkunguni na Narung'ombe inaikata, na wachuuzi wakiujaza mtaa wa Kongo, mwenye mkokoteni anakata kona kuingia Sikukuu na mzigo unafika. Sasa chukua barabara ya mtaa yenye vichochoro vitano ubavuni, vyote vimeishia kwenye kuta. Makutano matano yenye njia tatu tatu, ncha tano zenye moja moja: jumla 20, gawa kwa 10, wastani 2. Barabara zipo, pengine zina lami safi, ila hakuna pa kuchagua.

Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walipima dunia nzima kwa hesabu za namna hii wakitumia ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, na katika utafiti uliotoka mwaka 2020 wakaonyesha kuwa tangu 1975 njia mpya za mijini zimezidi kuwa za kugota na za kuzunguka. Kwa Marekani, kazi yao ya awali iliona kilele cha hali hiyo katikati ya miaka ya 1990, kisha mitaa mipya ikaanza kuungana tena. Dar es Salaam inaweza kujipima kwa ramani hiyo hiyo, kwa kuwa kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi waliojiunga na mradi wa Ramani Huria walipita mtaa kwa mtaa wakichora hadi vichochoro, kwanza kwa ajili ya mafuriko.

Mtapakao wa Dar es Salaam una asili yake, na inafaa kuitazama kwa karibu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao walioongezeka walihitaji pa kujenga, na wengi walinunua pembezoni, Goba, Chanika, Mbezi, kutoka kwa wenye mashamba. Mwenye shamba anakata vipande ishirini kwa ishirini, mbele ya mjumbe na mashahidi, na anaacha njia ya kuingilia. Njia hiyo inaanzia barabarani na kuishia pale shamba lake linapoishia, kwa sababu ng'ambo ya mpaka si kwake. Jirani naye, miaka miwili baadaye, anakata la kwake na njia yake inaanzia upande wa pili. Ncha mbili zinatazamana, katikati kuna ua wa michongoma, na baada ya muda ua unakuwa ukuta wa tofali. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Kila mmoja aliacha njia, ila hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuuliza njia hizo zitakutana wapi.

Watu wa mtaani wanalo neno la kuulizia. Dereva wa bodaboda asiyeifahamu njia humwuliza mama anayeuza mchicha: "Shikamoo mama, hii inatokezea kwa mjumbe?" "Marahaba mwanangu. Haitokezei, geuza hapo." Ndiyo maana njia ya aina hiyo naiita njia isiyotokezea, na nashangaa kuona vitabu vikiandika maelezo ya mstari mzima ilhali kitenzi kipo kinywani mwa kila mtu. Ukitaka kupima hasara yake, linganisha mwendo halisi na mkato. Tuseme shule iko mita 200 kwa mkato kutoka mlangoni kwako, lakini kwa njia ni mita 1,400 kwa kuwa lazima utoke hadi barabara kubwa na kurudi ndani. Uwiano ni 7, na mtoto anaulipa kila asubuhi kwa miguu yake.

Lakini lazima tuseme muunganiko wa nani. Tandale na Manzese, mwenda kwa miguu anapenya vichochoro kokote atakako, na kwake mtaa umeungana kikamilifu. Gari la zimamoto halipenyi. Kwenye mitaa ya wenye uwezo ni kinyume: barabara ni pana, kisha geti linafungwa usiku, nalo linawazuia zaidi wapita njia. Wenye geti wanaogopa wezi, na hofu hiyo ni ya kweli, ila gharama yake wanabebeshwa wengine.

Nayo mito ina sehemu yake. Bonde la Msimbazi linaugawa mji, na vivuko vyake ni vichache. Mvua kubwa ikileta mafuriko Jangwani, ndani ya bonde hilo, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama, kisha magari yote yanabanana kwenye vivuko vichache vilivyobaki. Kwa kufungwa sehemu moja, watu wengi wanachelewa kazini.

Sinza na Kijitonyama zilipatiwa dawa ya mtapakao mapema. Katika miaka ya 1970, kwa mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, barabara zilichorwa kwanza, viwanja vikagawiwa, wenye viwanja wakajijengea wenyewe polepole. Baadhi ya nyumba za awali zimebomolewa na kujengwa maghorofa, baa zimefunguliwa na kufungwa, lakini mitaa bado inakatana palepale ilipochorwa. Goba urasimishaji umekuja wakati kuta zimeshasimama, na kila njia inayotafutwa inamaanisha kumega kiwanja cha mtu na kubishana fidia. Pembezoni zaidi, ambako mashamba bado yanakatwa, kazi hiyo ingemalizika kwa mstari mmoja kwenye hati ya mauziano, wenye kutaja shamba la jirani ambamo njia itaendelea, na sahihi ya jirani huyo chini yake.