Changarawe Isafiriyo: Tarikhi ya Miji ya Pwani ya Suffolk

Mwenye kutaka kuijua tarikhi ya miji ya pwani ya Suffolk, jimbo lililoko mashariki ya Uingereza na kuelekeana na Uholanzi ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, hatafaidi sana kwa kuanza na wafalme na vita vyao. Heri aanze na changarawe. Pwani hiyo haina mwamba mgumu wa kuyakabili mawimbi. Magenge yake ni mchanga, udongo na vijiwe vilivyolimbikana zama za kale, na kila ivumapo tufani kutoka kaskazini-mashariki humega kipande cha ardhi, kisha mawimbi yakakichukua kidogo kidogo kuelekea kusini na kukitua mahali pengine yatakapo yenyewe. Kwa hiyo kilichopotea katika mji mmoja hakikutoweka duniani: kimesafiri, nacho mara nyingi kimekwenda kuufungia mji mwingine mlango wake wa bahari. Basi na tuizuru miji hiyo kwa kufuatana na vijiwe hivyo, kutoka kaskazini hadi kusini.

Safari yaanzia Lowestoft, ambako rasi ya Ness Point ndiyo mwisho wa Uingereza upande wa mashariki. Mji wa kale umekaa juu ya kilima, na vichochoro vyembamba vyashuka kutoka barabara kuu hadi ufukweni, walikokuwa wakiishi wavuvi pamoja na nyavu zao na vibanda vyao vya kukaushia samaki kwa moshi. Reli ilipofika mwaka 1847, kwa jitihada za tajiri Samuel Morton Peto, samaki wa Lowestoft waliweza kufika miji ya bara wakiwa wabichi, na bandari ikastawi kwa heringi, samaki wa nasaba ya dagaa, ambaye makundi yake yalipita karibu na pwani hiyo kila majira ya kupukutika majani. Wanawake wa Uskoti walikuwa wakiyafuata makundi hayo kutoka bandari hata bandari, wakishuka nayo kusini, kisu mkononi na vidole vimefungwa vitambaa visiliwe na chumvi, wakipasua samaki na kuwapanga mapipani kwa wepesi uliowashangaza watazamaji. Katika karne ya 20 heringi walivuliwa kupita kiasi, na kazi hiyo ikafifia.

Southwold, mji ufuatao, ni mdogo na mtulivu, nao ni mmoja katika miji michache iliyonufaika na moto. Mwaka 1659 moto uliteketeza nyumba 238, na mji ulipojengwa upya viwanja kadhaa viliachwa bila nyumba, vikaota nyasi, na hata leo ndivyo vimpendezavyo mgeni, asiyejua kwamba aketipo kupumzika palikuwa na jiko la mtu. Mbele ya mji huo, mwaka 1672, merikebu za Uholanzi chini ya Amiri de Ruyter ziliwashambulia Waingereza na Wafaransa waliokuwa wametia nanga katika ghuba ya Sole. Mapigano yalidumu kutwa nzima. Earl wa Sandwich, mmoja wa maamiri wa Kiingereza, alifia huko baada ya jahazi lake kuunguzwa, na kila upande ukajidai mshindi. Mji wenyewe ulibaki na kazi ya kuwapokea majeruhi.

Lakini Southwold ulikuwa na mpinzani wake kusini, na habari za mpinzani huyo ndizo hasa zistahilizo kusimuliwa kwa kirefu.

Dunwich ya leo ni kitongoji cha nyumba chache, mkahawa wa samaki, kanisa moja na makumbusho madogo. Katika karne ya 12 na ya 13 ilikuwa bandari ya kutajika, yenye makanisa mengi, nyumba za watawa, soko, na merikebu zake wenyewe, na Mfalme John aliipa hati ya haki za mji mwaka 1199. Daftari kuu la ardhi lililoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086 lasema kwamba mji ulilipa kodi ya paundi 50 pamoja na samaki heringi 68,000. Na papo hapo, kwa lugha kavu ya makarani, laongeza kwamba ardhi ya kulimwa iliyokuwa sehemu mbili sasa imebaki moja, kwa kuwa ya pili imechukuliwa na bahari. Mtu aliyelisoma neno hilo siku zile pengine aliliona jambo la hesabu tu. Kumbe ilikuwa ni hati ya mauti iliyotangulizwa miaka mia mbili.

Tufani kubwa zilianza kuushukia mji katika miaka ya 1280, zikabomoa nyumba na makanisa ya upande wa bahari. Hata hivyo kilichouua mji si nyumba kuanguka, maana nyumba hujengwa tena, bali ni tufani ya mwaka 1328, iliyoufunga mlango wa bandari kwa changarawe. Mto uliokuwa ukitokea bandarini hapo ukatafuta njia nyingine, ukatokea upande wa kaskazini, karibu na Walberswick na Southwold, na merikebu zikaufuata. Watu wa Dunwich walishika hati zao wakadai kwamba ushuru wa kila chombo kiingiacho ni haki yao, popote mto utokeapo. Majirani zao wakakataa, na ugomvi huo ukaendelea kwa vizazi, mara kwa mashitaka, mara kwa mapigano yaliyomwaga damu. Mwaka 1489 Southwold ulipata hati yake wenyewe kwa Mfalme Henry wa Saba, na Dunwich ukabaki na sheria mkononi, bandari haina.

Bahari haikuacha kazi yake. Kanisa la mwisho la mji wa kale, lililoitwa la Watakatifu Wote, lilikuwa limekwisha kuachwa gofu ukingoni mwa genge, nalo lilianguka kipande baada ya kipande kuanzia mwaka 1904 hadi 1919, ulipoporomoka mnara. Na kwa miaka mingi wapitao ufukweni waliweza kuona mifupa ya maiti wa makaburini imechomoza katika ukuta wa mchanga. Wenyeji walisimulia kwamba siku za dhoruba kengele za makanisa yaliyozama husikika zikilia chini ya maji. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, walioipima sakafu ya bahari kwa mitambo ya sauti, hawakuleta habari za kengele, bali walichora ramani ya mabaki ya makanisa na majengo katika maji yenye giza la matope, ambayo mzamiaji hawezi kuuona mkono wake mwenyewe. Sisi tuliozoea kumpeleka mgeni Kilwa au Gedi, tukamwonyesha kuta na mihirabu iliyosimama, ni vigumu kufahamu mji mkubwa ambao haukuacha magofu ila machache, kama vile kipande cha ukuta wa watawa na lango lao, nayo yalikuwa nje ya mji.

La ajabu kuliko yote ni kwamba Bunge halikuwa na habari. Dunwich uliendelea kupeleka wajumbe wawili London, kama ulivyofanya ulipokuwa na merikebu na masoko, hadi mwaka 1832, wakati wapiga kura wake walikuwa wapatao 32 tu, na kura zao zikiwa mikononi mwa mabwana wachache, huku miji ya viwanda kama Manchester, yenye maelfu ya watu, haina mjumbe hata mmoja. Samaki wa Bahari ya Kaskazini walikuwa na uwakilishi bora kuliko wafuma nguo.

Twapita Sizewell, penye mitambo ya nguvu za nyuklia, ambayo wa kwanza wake ulianza kazi mwaka 1966. Nami nastaajabia yakini ya watu waliokwenda kujenga kitu kama hicho kilomita chache tu kutoka Dunwich.

Aldeburgh nao umemegwa. Jumba lake la baraza, lililojengwa kwa mbao na matofali katika karne ya 16, lilikuwa katikati ya mji. Sasa liko ufukweni, kwa kuwa mitaa iliyokuwa mbele yake imekwenda na maji. Katika mji huo Elizabeth Garrett Anderson, mwanamke wa kwanza wa Kiingereza kupata ruhusa ya utabibu nchini mwake, alichaguliwa kuwa meya mwaka 1908, na hakuna mwanamke aliyemtangulia katika cheo hicho Uingereza nzima. Pembeni mwa mji, kijiji cha Slaughden kilikuwa na gati na viunda vya mashua. Bahari ikakila, na nyumba yake ya mwisho ilitoweka mwaka 1936.

Na hapo Slaughden ndipo jambo lenyewe lionekanapo wazi. Mto Alde, ukitoka bara, waikaribia bahari hata zikabaki hatua kama mia moja, kisha, badala ya kumalizia safari, wageuka kusini na kwenda kilomita 15 hivi sambamba na pwani, kwa sababu ulimi mrefu wa changarawe umeuziba njia. Ulimi huo, uitwao Orford Ness, umejengwa na vijiwe vilivyotoka kaskazini, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye vingapi kati yake vilikuwa chini ya misingi ya Dunwich. Nyuma yake umefungiwa mji wa Orford. Mfalme Henry wa Pili alijenga huko, kati ya mwaka 1165 na 1173, ngome yenye buruji la pande nyingi, apate kumzuia Hugh Bigod, mkuu wa nchi hiyo aliyekuwa na kiburi na majumba mengi. Ngome bado imesimama imara, lakini bandari iliyoilinda ilizidi kuwa mbali na bahari kadiri ulimi ulivyorefuka. Mwandishi mmoja wa zama hizo, mtawa Ralph wa Coggeshall, asimulia kwamba wavuvi wa Orford walimnasa wavuni mtu wa majini, mwenye nywele mwili mzima, akawekwa ngomeni, akala samaki wabichi, asitamke neno, na mwisho akarudi baharini. Afadhali yeye aliyekuwa bado na njia ya kutokea.

Serikali iliuona ulimi huo kuwa mahali pazuri pa siri. Mwaka 1935 Robert Watson-Watt na wenzake walifanya huko majaribio ya mwanzo ya rada, na baadaye yakajengwa majumba ya zege ya kupimia sehemu za mabomu ya atomiki. Mnara wa taa wa mwaka 1792 ulizimwa mwaka 2013 na kubomolewa mwaka 2020, bahari ikiwa imekwisha fika mlangoni.

Mwisho wa safari ni Felixstowe, kwenye mlango wa mito Orwell na Stour. Gati lilifunguliwa huko mwaka 1886 kwa mali ya Kanali George Tomline, halikufanikiwa sana, na mfanyabiashara wa nafaka Gordon Parker alipolinunua mwaka 1951 lilikuwa limechakaa. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, maji ya bahari yalifurika pwani nzima, yakaua watu zaidi ya 300 katika Uingereza, na wapatao 40 kati yao walikuwa wa mji huo. Lakini kabla ya hayo yote, serikali ilipoandikisha bandari zake chini ya mpango wa wapagazi wa bandarini wa mwaka 1947, Felixstowe haukuandikwa, kwa kuonekana mdogo mno. Basi matajiri wake walikuwa huru kuajiri na kubadilisha kazi watakavyo, na mwaka 1967 wakafungua kituo cha makontena kabla bandari kubwa hazijamaliza kubishana. Leo hakuna bandari nyingine ya Uingereza ipokeayo makontena mengi kama hiyo. Makarani waliokuwa wakiendelea kuwahesabia wazamaji wa Dunwich viti viwili vya Bunge ni ndugu, kwa kazi ikiwa si kwa damu, wa wale walioiacha Felixstowe nje ya daftari.