Swali la Church na faida ya jibu la "haiwezekani"
Mwaka 1957, katika mkutano wa wanamantiki kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Alonzo Church aliuliza hivi: mtu akiandika kwa lugha ya mantiki masharti ambayo saketi inapaswa kuyatimiza, je, ipo kanuni ya kuijenga saketi hiyo bila kubahatisha, au ya kujua kwamba haijengeki? Sehemu ya pili ya swali hutajwa juujuu tu. Nadhani ndiyo iliyozaa zana zenye manufaa zaidi.

Watafiti Büchi na Landweber walijibu mwaka 1969 kwamba kanuni ipo. Waliutazama mfumo kama mchezo usio na mwisho: mazingira yanatoa ishara, saketi inajibu, nayo hushinda mradi masharti hayavunjwi. Lakini kanuni kuwepo ni jambo moja, kompyuta kuimudu ni jingine. Mtafiti Pnueli alileta mantiki ya wakati, inayoeleza jinsi mambo yanavyofuatana, katika uchunguzi wa programu mwaka 1977. Mwaka 1989 yeye na Rosner wakaonyesha kwamba gharama ya kuunda mfumo kutokana na masharti ya namna hiyo hupanda kwa kipeo juu ya kipeo. Ahueni ilikuja mwaka 2006, pale Piterman, Pnueli na Sa'ar walipoteua sehemu ya mantiki hiyo inayomudika. Mwaka uliofuata, Bloem na wenzake waliunda kwa namna hiyo mwamuzi, yaani saketi inayoamua nani aitumie njia, wa njia ya data ya AMBA, ya kampuni ya ARM.

Wakosoaji husema saketi ile ilikuwa kubwa kuliko ya kuundwa kwa mkono, na kwamba kuandika masharti ni kazi ileile ya kuandika programu, makosa yakiwemo. Ni kweli, ila kosa la masharti hujitokeza mapema. Chukua mwamuzi wa waombaji wawili: wasiruhusiwe wote kwa pamoja, kila ombi lijibiwe hatimaye, ruhusa isitolewe njia ikiwa na shughuli. Kila sharti, peke yake, ni la haki. Zana ya RATSY, iliyotolewa mwaka 2010, ingeyakataa kwa jibu la "haiwezekani", kisha ingemwalika mhandisi acheze upande wa saketi, yenyewe ikicheza upande wa mazingira. Ingeishikilia njia bila kuiachia, na mhandisi angeshindwa kila mara, hadi atambue kwamba hakuna aliyeandika kuwa njia lazima iachiwe. Kila mtu ofisini alilijua hilo, ndiyo maana halikuandikwa.

Hoja ngumu zaidi ni ya masharti yanayokubalika ilhali si yale mtu aliyoyataka. Ukiandika kwamba saketi itatii mradi mazingira yanatii, zana inaweza kukuletea saketi inayoyabana mazingira mpaka yavunje sharti lao, kisha ikahesabiwa mshindi bila kufanya kazi yoyote. Hapa zana haina utetezi, na watafiti wamelazimika kubuni masharti ya ziada ya kuizuia.