Sukari ya Bakteria Ilivyotiwa Nuru

Miaka 100 hivi iliyopita, wataalamu wengi waliamini kwamba kinga ya mwili hutambua protini tu. Mwaka 1923, Michael Heidelberger na Oswald Avery wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waliitikisa imani hiyo. Walipochambua utando unaomfunika bakteria wa nimonia, waliukuta umeundwa kwa minyororo ya sukari, na sukari hiyohiyo ndiyo iliyonaswa na kingamwili. Adui alitambulika kwa vazi lake.

Ikabaki kujua vazi hilo huishia wapi likishaingia mwilini. Albert Coons, daktari Mmarekani, alilifikiria swali la namna hiyo akiwa Berlin mwaka 1939. Kingamwili hujishikiza kwenye shabaha yake tu. Kwa nini isitiwe rangi ili ionekane iliponasa? Rangi za kawaida zilikuwa hafifu mno. Yeye na wanakemia wa Harvard wakageukia rangi zinazong'aa zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Jaribio la 1941 lilitoa mng'ao wa samawati, lakini tishu za mwili nazo hung'aa samawati. Wakahamia fluoresini, yenye mng'ao wa kijani, na mwaka 1942 wakaonyesha sukari ya bakteria wa nimonia ndani ya tishu za wanyama walioambukizwa.

Hata hivyo, kingamwili ni molekuli kubwa, na hushika pale tu inapofika. Kuanzia mwaka 1997, mwanakemia Carolyn Bertozzi alifungua njia nyingine: seli hai hulishwa sukari yenye kishikizo kidogo cha kikemia, ikaitumia kujijenga, kisha rangi ikanaswa kwenye kishikizo hicho. Mwaka 2004 akatumia mmenyuko usiohitaji shaba, ambayo ni sumu kwa seli. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2022, pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless.

Mwaka 2017, maabara ya Catherine Grimes katika Chuo Kikuu cha Delaware ilifikia kiini cha ukuta wa bakteria. Ilitia kishikizo kwenye asidi ya muramiki, sukari ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi, kisha ikafuatilia bakteria waliomezwa na makrofaji, seli za kinga zinazokula wavamizi. Tangu 2003 ilijulikana kwamba vipande vyenye sukari hiyo hutambuliwa na protini ya seli zetu iitwayo NOD2. Hitilafu za NOD2 huongeza hatari ya ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo.

Mwaka uliofuata, Mireille Kamariza, mzaliwa wa Burundi aliyesomea kwa Bertozzi, alieleza pamoja na wenzake matumizi ya trehalosi, sukari ambayo bakteria wa kifua kikuu huiingiza katika utando wao wenye nta. Rangi iliyounganishwa nayo huwaka kwa nguvu ikishafika ndani ya utando huo, na bakteria hai tu ndio huipokea. Upakaji rangi wa zamani huonyesha hai na wafu bila kubagua, ilhali daktari anahitaji kujua kama dawa zinaua.

Heidelberger na Avery waliuliza tu kinga inatambua nini. Swali lililoonekana la maabara tu limezaa chombo kinachoweza kumfaa mgonjwa anayekohoa, na ndiyo sababu utafiti wa msingi unastahili fedha na subira, hata hapa kwetu Afrika Mashariki.