Mishale na visanduku: Kanuni za tiba zinavyochorwa ili programu izifuate

Mtoto wa miezi 11 analetwa zahanati Kilosa. Anakohoa, anapumua mara 45 kwa dakika. Kwa mwongozo wa IMCI wa WHO na UNICEF, huyo hapumui haraka. Mwingine wa miezi 13 anafikishwa kituo cha afya Mikumi, kikohozi hichohicho, pumzi 45 zilezile. Huyu anahesabiwa ana nimonia na anaandikiwa antibiotiki.

Kilichobadilika ni umri tu. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya 12, kikomo ni pumzi 50 kwa dakika. Kuanzia miezi 12 hadi miaka 5, ni 40.

Hiyo ni kanuni moja. Ongeza malaria, kuharisha, masikio, utapiamlo na upungufu wa damu, halafu fikiria mhudumu mmoja mwenye foleni ndefu mlangoni.

Injini ya kanuni ni nini?

Ni sehemu ya programu inayopokea taarifa, inazipitisha kwenye kanuni za "kama hivi, basi vile", kisha inatoa jibu. Benki huitumia kuamua mikopo.

Shida ni kwamba anayeandika programu si daktari, na daktari hasomi kodi. Mtu akiandika "zaidi ya 40" badala ya "40 au zaidi", mtoto mwenye pumzi 40 kamili anapita bila kuonekana. Nani atagundua?

Ndiyo maana kanuni zinachorwa kama grafu. Kila swali ni kisanduku, kila jibu ni mshale. Daktari anafuata kwa kidole. Kisanduku kisicho na mshale wa kutoka, wakati hakijafika kwenye jibu, maana yake mgonjwa ameachwa njiani. Mshale unaorudi ulikotoka, programu itazunguka palepale. Kwenye kurasa za maandishi makosa haya hujificha, kwenye mchoro yanajitokeza.

Tanzania imeshajaribu

Watafiti wa Uswisi na Tanzania, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara na NIMR Mbeya, walitumia medAL-creator, programu ambayo daktari anaburuta visanduku na kuviunganisha bila kuandika kodi. Mchoro huo ndio unaoendesha ePOCT+, inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua kwenye kishikwambi.

Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022 ilipimwa katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, 20 vikiitumia na 20 vikiendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2024 katika jarida la Nature Medicine. Kwenye vituo vya kawaida, watoto walipewa antibiotiki katika asilimia 70.1 ya ziara. Kwenye vituo vya ePOCT+, asilimia 23.2. Na watoto hawakuchelewa kupona: ambao hali yao haikuwa nzuri siku ya saba walikuwa asilimia 3.7, dhidi ya 3.8.

Tusiupe mchoro sifa zote. Vituo hivyo vilipata pia mafunzo, usimamizi, kifaa cha kupima oksijeni na kipimo cha damu cha CRP. Na pumzi zenyewe bado zinahesabiwa na mtu, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Akikosea namba, mishale yote itamfuata kwenye kosa lake.